Dagaa, Chai na Mwanafunzi: Maswali ya Wazazi Kuhusu Chakula cha Watoto wa Shule

Swali: Tunaishi Igoma, Mwanza, na mwanangu wa darasa la tano huondoka alfajiri bila kula, ananunua andazi wakati wa mapumziko. Je, linamtosha?

Jibu: Halimtoshi. Aliyekula saa 2 usiku akaja kula tena saa 4 asubuhi amekaa saa 14 bila chakula, tena kwa andazi ambalo ni unga, sukari na mafuta tu. Hakuna haja ya kuwasha jiko usiku wa manane: michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyopikwa na karanga tangu jioni, au kiporo cha viazi vitamu na kikombe cha maziwa, humfikisha mchana akiwa bado anamsikiliza mwalimu.

Swali: Watoto wamechoka dagaa, wanasema ni chakula cha kimaskini. Tuhamie kwenye minofu ya sangara?

Jibu: Sangara ni protini nzuri, lakini mnofu hauna mifupa, na mfupa ndio wenye madini ya kalsiamu, ambayo kijana wa miaka 10 hadi 18 huhitaji takriban miligramu 1,300 kwa siku. Dagaa huliwa mzima, kwa hiyo pamoja na protini humpa mlaji kalsiamu, chuma na zinki. Nadhani mara nyingi watoto hawakatai dagaa, wanakataa mchanga. Wale walioanikwa chini wasugue taratibu katika maji ya uvuguvugu, kisha uwaopoe kwa vidole badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini ya bakuli. Rudia mpaka maji yatulie bila chembe. Kaanga na nyanya na vitunguu, kamulia ndimu.

Swali: Binti yangu wa kidato cha pili anachoka upesi na viganja vyake vimepauka. Nimwongezee mchicha?

Jibu: Mwongezee, ila mpeleke kwanza kituo cha afya akapimwe wingi wa damu. Msichana aliyeanza hedhi hupoteza chuma kila mwezi. Kuanzia miaka 14 huhitaji miligramu 15 hivi kwa siku, wakati mvulana wa rika lake huhitaji 11. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na ugali na mboga huzuia chuma cha mchicha na maharage kufyonzwa, kwa hiyo isogezwe saa moja au mbili baada ya mlo, na nafasi yake ichukuliwe na chungwa au pera. Kwetu kandokando ya ziwa kuna jambo jingine: kichocho cha tumbo na minyoo ya safura husababisha damu kupotea kidogokidogo, na hapo mboga peke yake haitafua dafu. Dawa za kichocho zinapogawiwa shuleni, mtoto azimeze akiwa ameshakula.

Swali: Na soda?

Jibu: Chupa ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi za sukari, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Iwe ya sikukuu.