Pole si samahani: dhana potofu kuhusu maneno ya Mfalme wa Uingereza

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2023 nilikuwa kwenye hoteli ndogo ya chai mjini Nakuru, televisheni imewekwa juu ya kabati la mandazi. Walikuwa wakionyesha dhifa ya Ikulu, Nairobi. Mfalme Charles wa Tatu alikuwa akisema kwamba Wakenya walitendewa ukatili wa kuchukiza walipopigania uhuru wao, na kwamba kwa hayo hakuwezi kuwa na kisingizio. Akataja huzuni kuu na majuto makubwa. Mzee wa meza ya pili akaweka kikombe chini: "Huyu ametupa pole. Samahani bado."

Tangu hapo nimesikia mengi kuhusu ufalme ule. Mengine ni hasira yenye haki, na mengine yamepotoka, na hayo yaliyopotoka huwasaidia wale tunaowadai. Ndiyo maana nayaandikia.

"Mfalme aliomba msamaha Nairobi"

Hakuomba. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha yake. Pole utapewa hata na mpita njia aliyekukuta umejikwaa, naye hana habari na lile jiwe. Samahani, au niwie radhi, inamtoka aliyeliweka jiwe njiani.

Wala pole ile haikuwa mpya. Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni. Alisema serikali yake inasikitika kwa dhati, akatangaza malipo kwa wadai 5,228, Wakenya walioishtaki serikali yake kwa mateso hayo, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Katika taarifa hiyohiyo akakana kwamba serikali ya leo inawajibika kisheria kwa matendo ya wakoloni. Ziweke kauli ya Hague na ya Mfalme kando kwa kando: Mfalme alipita mlemle mlimochorwa na serikali miaka 10 kabla yake.

"Hakuomba kwa sababu ya kiburi chake"

Ya moyoni mwake anayajua mwenyewe. Ninachojua mimi ni utaratibu. Ziara ya kitaifa hufanywa kwa ombi la serikali ya Uingereza, na hotuba zake hufuata msimamo wa serikali. Hata ile hotuba ya kufungua Bunge, anayoisoma akiwa na taji kichwani na kusema "serikali yangu itafanya hili na lile", huandikwa na mawaziri. Yeye huisoma tu, aipende asiipende.

Kwa hiyo anayedhani tatizo ni mtu mmoja mkaidi anakosea mlango. Uholanzi, waziri mkuu Mark Rutte aliomba msamaha kwa ajili ya utumwa Desemba 2022, na Mfalme Willem-Alexander akafuata tarehe 1 Julai 2023. Serikali ilifungua mlango, mfalme akapita.

Kisha kuna Songea, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Tarehe 1 Novemba 2023, siku moja tu baada ya dhifa ya Nairobi, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama kwenye makumbusho ya Maji Maji mbele ya wajukuu wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda babu zao. Rais wa Ujerumani naye ni mkuu wa nchi asiyeendesha serikali. Anayeendesha ni kansela. Basi ile hoja kwamba mkuu wa nchi wa heshima hawezi kutamka neno hilo ilikufa kusini mwa Tanzania, ndani ya saa 24. Neno linatamkika, serikali ya nyuma yake ikikubali.

"Basi mfalme ni pambo, maneno yake hayana uzito"

Hii naisikia sana kwa vijana, na naielewa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1708 hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyekataa kuridhia muswada uliopitishwa na Bunge. Lakini uzito wa maneno yake usiutafute kwenye hotuba. Uko kwenye mazungumzo yasiyorekodiwa. Waziri mkuu hukutana naye kila wiki, wawili peke yao, na wananchi hawaambiwi kilichosemwa. Tena, muswada ukigusa mamlaka ya Taji, yaani ya ufalme, au mali binafsi za mfalme, ni lazima ombi la idhini yake lipelekwe kwanza kabla Bunge halijaupitisha.

Tulipata kuchungulia mara moja. Akiwa bado mwana wa malkia, Charles alikuwa akiwaandikia mawaziri barua. Gazeti la Guardian lilizidai kwa miaka 10, serikali ikakataa, mpaka Mahakama ya Juu ikaamua Machi 2015 kwamba zitolewe. Katika mojawapo, ya mwaka 2004, anamlalamikia waziri mkuu wa wakati huo, Tony Blair, kwamba wanajeshi wanapewa kazi ngumu, hasa Iraq, bila vifaa vya kutosha. Unaweza kukubaliana naye kabisa. Mimi swali langu ni hili: mkulima wa Wales akiandika barua kama hiyo, nani humjibu?

"Tukiwa ndani ya Jumuiya ya Madola, bado tuko chini yake"

Hapana, na hili halihitaji maneno mengi. Nchi wanachama ni 56, na zinazomtambua Charles kuwa mkuu wa nchi ni 15 tu, Uingereza ikiwemo. Tanganyika ilikuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1964. Rwanda iliingia mwaka 2009 bila kuwahi kutawaliwa na Uingereza. Hata cheo cha mkuu wa Jumuiya si cha kurithi. Viongozi walikubaliana mwaka 2018 kwamba kiende kwa Charles.

"Wanajilisha wenyewe"

Watetezi husema mali za Taji huingizia Hazina faida kubwa, kwa hiyo familia ile haimgharimu mtu. Mali hizo si zake. Mfalme George wa Tatu alikabidhi mapato yake kwa serikali mwaka 1760, na Charles hawezi kuuza hata kiwanja kimoja. Kwa mwaka wa fedha 2024–25 ruzuku yake rasmi ilikuwa pauni milioni 86.3, na ulinzi haumo kwenye hesabu hiyo. Mali inayopita kutoka mfalme hadi mfalme haitozwi kodi ya urithi, kwa makubaliano ya mwaka 1993. Mjane wa Birmingham hana makubaliano ya namna hiyo.

"Hayo ni ya kale, waliotendewa wamekwisha kufa"

Dhana hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Wale 5,228 walikuwa watu hai mwaka 2013. Baadhi yao walisafiri hadi London wakiwa wazee, wakaeleza waliyotendewa kwenye kambi walikofungwa na wakoloni wakati wa Mau Mau. Na mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, ghala lake huko Uingereza, yakiwemo ya Kenya. Mwenye kumbukumbu hakuwa amesahau. Alikuwa amezifungia.

Kwa Wanandi wa Kenya jambo ni la zamani zaidi, na bado halijaisha. Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani Oktoba 1905 akapigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Fimbo zake tatu za uongozi zilichukuliwa, na zikarudi Nandi mwaka 2006 mikononi mwa mtoto wa Meinertzhagen mwenyewe. Wanandi wanasema kichwa chake nacho kilipelekwa Uingereza. Wanakidai mpaka leo, wamzike mtu wao akiwa kamili.