Je, wajua kwa nini PS2 haiwi HD hata ukiichomeka kwa HDMI?

Ukipita kwenye vibanda vya gemu vya Ngarenaro au Kaloleni hapa Arusha, au ukiteremka Majengo na Pasua kule Moshi, utakuta PS2 bado ziko kazini. Mashine hii ilitoka Japani mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na bado watu wanaishindania pedi. Kilichoondoka ni TV ya chogo. Gemu ni ile ile, diski ni ile ile, lakini kwenye flati picha ina ukungu, maandishi yanachezacheza pembeni, na mchezaji akikimbia miguu yake inaota meno meno. Mwenye banda anashauriwa anunue kikasha cha kugeuza AV (waya wa plagi za njano, nyeupe na nyekundu) kuwa HDMI (waya wa flati za kisasa) "ili apate HD", yaani picha kali yenye nukta nyingi. Anakinunua, anachomeka, na kwenye kona ya TV yanatokea kweli maandishi 1920x1080. Picha yenyewe iko vilevile.

Maandishi hayo ya kwenye kona ndiyo yanayopotosha watu. TV haipimi uzuri wa picha. Inasoma tu ukubwa wa picha inayoletwa na waya, na kikasha kimekwisha kuivuta picha hadi ifikie ukubwa huo. Fanya hesabu: PS2 ya PAL, mfumo wa TV ambao ndio wetu, kwa kawaida hutoa picha isiyozidi nukta 720 kwa 576, yaani nukta 414,720, na gemu nyingi huchora pungufu ya hapo. Flati ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Kwa hiyo katika kila nukta tano unazoziona kwenye kioo, nne hazikuletwa na mashine. Zimebuniwa. Ukitumia waya wa AV, TV ndiyo inayozibuni. Ukiweka kikasha, kikasha ndicho kinachozibuni. Na kati ya hivyo viwili, TV nzuri mara nyingi hubuni vizuri zaidi kuliko kikasha cha bei ya chini.

HDMI ni njia ya kupitishia picha, basi. Ilitangazwa mwishoni mwa 2002, PS2 ikiwa tayari sokoni, ndiyo maana nyuma ya PS2 hakuna tundu lake. Waya wenye ncha za dhahabu hauongezi nukta hata moja, dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu. Vilevile si kweli kwamba picha ina ukungu kwa sababu mashine "imechoka". Lenzi ikichoka, gemu inaganda au diski haisomi kabisa, lakini picha inayotoka inabaki na ukali wake ule ule.

Ukungu unaingilia mahali pawili, na pa kwanza ni ule waya wa njano. Ndani ya waya huo mmoja hupita vitu viwili: mwanga, yaani weusi na weupe wa picha, na rangi. Katika PAL, rangi hupandishwa kwenye wimbi la megahezi 4.43 na kuchanganywa na mwanga. Chukua unga wa sembe na unga wa ulezi, uchanganye kwenye sinia moja, halafu mpe mtu chekecheke autenganishe akiwa amefumba macho. Chembe kubwa zitabaki juu, ndogo zitapita. Lakini chembe za sembe zenye ukubwa sawa na za ulezi zitapita pamoja nazo, na hakuna chekecheke litakalozitambua, kwa sababu kazi yake ni kupima ukubwa tu. TV nayo hufanya hivyo hivyo, ila inapima kasi ya mawimbi. Jezi yenye mistari myembamba hubadilika kutoka mweusi kwenda mweupe kwa kasi inayokaribia ile ya rangi, basi TV inaudhani mwanga huo ni rangi na kwenye jezi unatokea upinde wa mvua usiokuwepo. Rangi nayo ikipenya upande wa mwanga, utaona vidoti vikitambaa kwenye ukingo wa maandishi mekundu. Ukibana chekecheke ili ulezi usipite kabisa, unaupoteza na sembe mzuri. Sembe huo uliopotea ndio ukali wa picha.

Sasa utaona kwa nini kikasha chenye matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu hakiwezi kuokoa kitu. Kinapokea picha ambayo unga wake umekwisha kuchanganywa. Vikasha vingi vina swichi ndogo ya kuchagua ukubwa wa picha, 720p au 1080p, na hutoa picha 60 kwa sekunde hata kama PS2 ya PAL inatoa 50. Zile kumi zinazopungua hujazwa kwa kurudia picha iliyotangulia, mara kumi kila sekunde. Mpira ukipigwa pasi ndefu unaonekana unashtuka shtuka hewani, na mchezaji anadhani pedi ni mbovu. Si kila kikasha kiko hivyo, lakini ukiona mshtuko wa namna hiyo, chomoa kikasha kwanza kabla hujaifungua pedi.

Mahali pa pili ni mistari nusu nusu. PS2 kwa kawaida haitumi picha nzima. Hutuma mistari 288 ya nafasi za witiri, kisha 288 ya nafasi za shufwa, awamu 50 kwa sekunde. TV ya chogo ilizichora zilivyokuja, na jicho likaziunganisha. Flati lazima iwashe nukta zote kwa pamoja, hivyo inasubiri nusu ya pili ndipo iunge. Kama mchezaji amesogea kati ya nusu hizo mbili, kingo zake hazikutani, na hayo ndiyo meno meno. Kule kusubiri nako kuna gharama: kila nusu ni milisekunde 20, na juu yake TV inaongeza muda wa kuvuta picha na kuipamba. Jumla yake hutofautiana sana kati ya TV na TV, lakini golikipa anayeruka akiwa amechelewa kwenye penalti anatokana na hapo.

Kinachosaidia ni kuuepuka waya wa njano. PS2 zote, nene na nyembamba, zinaweza kutoa picha kwa waya wa komponenti, ambao mwanga hupita kwenye plagi ya kijani peke yake, na rangi hugawanywa kwenye ya bluu na nyekundu. Unga haukuchanganywa, hakuna wa kuchekecha. Kabla ya kubadilisha waya, washa mashine kwa AV bila diski, ingia System Configuration, kisha Component Video Out, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr. Ukiacha kwenye RGB, picha hutoka ya kijani au yenye rangi zisizoeleweka, na watu wengi hapo huurudisha waya dukani bure. Halafu angalia plagi nyekundu: ziko mbili, moja ya picha na moja ya sauti. Ukizibadilishana, nyuso za wachezaji zinageuka kijani na spika inanguruma. Flati nyingi hutumia tundu la kijani kwa kazi mbili, AV na komponenti. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe tupu, mashine ni nzima, umechagua ingizo lisilo sahihi kwenye rimoti.

Kama flati yako ina HDMI tu, tafuta adapta ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la AV nyuma ya PS2. Hiyo huchukua ishara ya komponenti ndani kwa ndani, ndiyo maana inakishinda kile kikasha cha plagi tatu. Mpangilio ni ule ule wa Y Cb/Pb Cr/Pr, na umeme wake wa volti 5 unautoa kwenye tundu la USB la PS2 yenyewe. Adapta nyingi za aina hii hazivuti picha, zinaipitisha kama ilivyo kwa mistari yake ya nusu nusu, kwa hiyo baadhi ya monita za kompyuta huikataa na kubaki nyeusi. TV huwa hazina shida hiyo sana. Dukani soma maandishi ya juu ya kasha: AV2HDMI hutoka AV kwenda HDMI, HDMI2AV ni kinyume chake. Kwa umbo vinafanana sana, na ukikosea hupati picha yoyote.

Baada ya hapo shika rimoti. Weka hali ya picha kwenye Game, ambayo huondoa sehemu kubwa ya mapambo na ucheleweshaji. Umbo la picha liwe 4:3, ili wachezaji wasinenepe. Sharpness iteremshe hadi karibu na sifuri, kwa sababu kwenye picha ya PS2 inachokoleza ni chenga na vidoti. Ukitaka kujua flati yako inachelewa kiasi gani, gawa waya wa njano kwa plagi ya njia mbili, moja kwenye TV ya chogo na moja kwenye flati, kisha zirekodi zote mbili pamoja kwa kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole. Picha zitafifia kidogo kwa kuwa ishara imegawanywa, kwa jaribio si tatizo.

PS3 ina shida iliyo kinyume kabisa. Hiyo ilitoka 2006 ikiwa na HDMI, gemu zake nyingi zimetengenezwa kwa mistari 720, lakini za mitumba mara nyingi huuzwa na waya wa AV, na mtu anacheza miaka akikodolea maandishi yasiyosomeka. Hapa waya wa HDMI unaleta HD ya kweli. Zima mashine na TV kwenye soketi, chomeka waya, washa TV na uchague HDMI, kisha iache PS3 kwenye taa nyekundu na ushikilie kitufe cha kuwashia hadi isikike mlio wa pili. Itauliza kama itumie HDMI, nawe utakubali kwa pedi. Kuzima kwenye soketi si urembo: vifaa visivyo na waya wa ardhi hubeba umeme kidogo kwenye bati lake, ule unaotekenya vidole, na ukichomeka HDMI vikiwa vimewashwa unaweza kuunguza chipu ya tundu. Kwa anayenunua Xbox 360, ageuze mashine aangalie nyuma kabla ya kulipa, kwa sababu za kwanza, za kabla ya 2007, hazina tundu la HDMI.