Chemsha kwanza, ndipo ugandishe: chakula cha samaki wa mapambo kwa wafugaji wa Kigoma

Saa moja asubuhi simu iliita. Mfugaji mmoja wa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, ananiambia samaki wake wanaogelea ubavuubavu, wengine wanazunguka kama pia, halafu wanazama chini na kutulia. Nilipofika nilikuta tangi safi, maji maangavu, pampu inafanya kazi. Samaki hawakuwa na kidonda wala alama ya ukungu. Nikamuuliza anawalisha nini. Akafungua friza kwa fahari kabisa na kunionyesha vifurushi vya dagaa wabichi wa mwalo wa Kibirizi, wazuri, wanang'aa, aliowagandisha mwenyewe siku ileile walipotoka ziwani. Miezi mitano samaki wale hawakuonja kitu kingine.

Hapo nikajua pa kuanzia. Samaki wengi wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kiitwacho thayaminesi, ambacho kazi yake ni kuvunja vitamini B1. Samaki anayekula dagaa wabichi kila siku anashiba, ananenepa, huku B1 ikimwishia mwilini kidogokidogo hadi mishipa ya fahamu inapoanza kugoma. Huko Amerika Kaskazini, kwenye yale Maziwa Makuu, samaki aina ya salmoni waliokula sana samaki wa jamii hii walitaga mayai yaliyopungukiwa B1, na vifaranga wakafa kwa wingi. Friza haikuondolei tatizo hili. Baridi inakilaza tu kimeng'enya, na barafu ikiyeyuka kinaamka na kuendelea na kazi yake. Kinachokiua ni moto. Yule bwana tulimwanzishia dagaa waliochemshwa na kuchanganywa na vitamini B1, na baada ya siku chache samaki waliokuwa hawajadhoofika sana walisimama sawa tena majini.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu maelekezo mengi ya kutengeneza chakula cha kugandisha yanayosambazwa kwenye simu yameandikwa kwa ajili ya wafugaji wa samaki wa bahari wa nchi za mbali. Yanasema chukua kamba wabichi, ngisi wabichi, kome wabichi, saga, gandisha. Kwao huenda yanafaa. Sisi wa Kigoma nawasihi tubadilishe jambo moja: chochote chenye asili ya majini kichemshwe kwanza, dakika tano kamili kuanzia pale maji yanapochemka tena baada ya kukitumbukiza.

Sababu ya pili ya kuchemsha ni kubwa kuliko tangi lako. Kamba tunaowanunua hapa wametoka pwani, wamesafiri zaidi ya kilomita 1,200 ndani ya barafu. Kamba mbichi anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa madoa meupe, ambao mwaka 2011 uliingia kwenye mashamba ya kamba ya Msumbiji na mwaka uliofuata ukaonekana Madagaska. Virusi hivyo havimdhuru binadamu, na havifi kwa kugandishwa. Lakini vinashambulia kamba na kaa wa aina nyingi, na Ziwa Tanganyika lina kamba wadogo na kaa wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Maji uliyoyeyushia kamba wabichi ukiyamwaga kwenye mfereji wa mtaa wako, yanateremka wapi? Kigoma kila mfereji unaelekea ziwani. Kwa hiyo chemsha, na maganda na mabaki yafukie shambani, usiyatupe ufukweni.

Sasa tuingie jikoni. Nitaeleza mchanganyiko ninaoupenda kwa samaki wetu wa mawe, hasa wale wa jenasi ya Tropheus, ambao wakiwa wadogo baadhi yao ni weusi wenye vidoadoa vyeupe kama nyota, na ambao wananunuliwa mpaka Ulaya na Japani. Hawa ziwani wanashinda wakikwangua utando wa kijani kwenye mawe. Utumbo wao ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, umejikunja kama kamba ya jahazi, kwa sababu majani yanahitaji muda mrefu kusagika. Usiwape moyo wa ng'ombe wala nyama ya kuku. Mafuta ya mnyama wa nchi kavu yanaganda kwenye joto la maji ya tangi, nyuzi 25 au 26, na utumbo wa samaki hauna namna ya kuyashughulikia. Samaki anavimba tumbo, anakataa chakula, anajificha pembeni na kutoa choo cheupe chembamba kama uzi. Ugonjwa huu una vyanzo zaidi ya kimoja, ikiwemo kubanana na kupigana, ila chakula kizito kinaufungulia mlango.

Chukua kamba nusu kilo pamoja na maganda yao, maana maganda ndiyo ukapi unaosaidia utumbo kusukuma, na rangi nyekundu ya samaki inatoka humo. Wakague kabla ya kulipa. Mfuko wenye bonge la barafu chini na kamba wameshikamana upande mmoja uliyeyuka njiani ukagandishwa tena, uache. Kamba mwenye kichwa cheusi au harufu kali inayochoma pua, vilevile muache. Waoshe kwa maji mengi, kwa sababu kamba wa biashara mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia weusi. Wachemshe kama nilivyosema, bila chumvi. Pembeni chemsha njegere nusu kilo mpaka zilainike.

Saga vyote kwenye blenda na maji kidogo. Kwa samaki wadogo saga mpaka uwe uji mzito; kwa wakubwa acha chembe za ukubwa wa punje ya mchele. Kitu cha kushikisha ni unga wa aga, ambao unatokana na mwani wa baharini. Naupendelea kuliko gelatini kwa sababu haulegei kwenye maji ya uvuguvugu, na pia majirani zangu wengi wa Ujiji hawataki kuingiza jikoni gelatini wasiyojua imetoka kwa mnyama gani. Gramu 15 za aga zichemshe kwenye nusu lita ya maji huku unakoroga, hadi unga uyeyuke wote na maji yawe mazito yanayong'aa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Aga huanza kuganda ikishuka kwenye nyuzi 40 hivi. Ukiimimina juu ya kamba na njegere zilizotoka kwenye jokofu, itashikana papo hapo vipandevipande, na utabaki na mabonge ya aga upande mmoja na uji upande mwingine. Mchanganyiko wako uwe bado na joto, aga imiminwe taratibu, mkono ukoroge bila kupumzika. Ikishachanganyika tu, tia vijiko viwili vya unga wa spirulina (mwani mdogo wa kijani) na vitamini za samaki kwa kipimo cha kwenye chupa, B1 ikiwemo. Vitamini huwa za mwisho kwa sababu moto wa muda mrefu unaziharibu, na kuchemsha kule mwanzo kumeshapunguza zile za asili.

Mimina kwenye trei, unene usizidi nusu sentimita. Nasisitiza wembamba. Kipande kinene huganda polepole, chembe za barafu zinakuwa kubwa na kuchana nyama, na siku ya kuyeyusha virutubisho vyote vinatoka na maji. Kipande chembamba kinaganda haraka na kubaki kizima. Kabla hakijakaza, chora miraba kwa mgongo wa kisu. Kikiganda utavunja kipande kwa vidole kama unavyovunja chokoleti. Funga kwenye mfuko uliobanwa hewa yote, andika tarehe, na utumie ndani ya miezi mitatu. Mafuta ya samaki huchacha hata ndani ya friza.

Umeme ukikatika usiku wewe umelala, utajuaje? Gandisha maji kwenye kikombe, juu ya barafu weka sarafu ya shilingi mia, kisha kirudishe kikombe ndani ya friza. Ukikuta sarafu imezama, chakula kiliyeyuka na kugandishwa tena. Kitupe, hata kama kinaonekana kizuri.

Kwa wale wachache wanaofuga samaki wa bahari huku bara, utaratibu ni uleule ila viungo vinabadilika. Samaki wa maji baridi wengi wana uwezo wa kutengeneza sehemu ya mafuta ya omega-3 kutokana na mafuta ya mimea; samaki wa bahari wengi hawawezi, lazima wayakute tayari kwenye chakula. Kwa hiyo punguza njegere, ongeza ngisi, kome na samaki wa bahari mwenye nyama nyeupe. Ukiwa na samaki aina ya kangaja, yeye ni mla mwani kama Tropheus wetu: mpe mwani wa baharini uliokaushwa na kusagwa, uwe nusu ya mchanganyiko.

Kiasi cha kulisha ni kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili au tatu, mara mbili kwa siku, na kipande kiyeyushwe kwanza kwenye bakuli, kisha yale maji yake umwagilie mti. Kuzidisha chakula ni kosa kila mahali, lakini kwa samaki wa Tanganyika linaua haraka zaidi. Mabaki yakioza yanatoa amonia, na sumu ya amonia inategemea pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wake. Kwenye maji ya pH 7, sehemu yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Maji ya ziwa letu yana pH inayokaribia 9, na tangi lililojazwa maji hayo hubaki hivyo. Hapo sehemu yenye sumu inazidi theluthi. Mabaki yaleyale ambayo kwenye tangi la mwenzako mwenye maji ya pH 7 yangepita bila madhara, hapa yanaweza kukuachia samaki wanahema juujuu kufikia asubuhi.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wafugaji kadhaa walikuja kituoni kwetu wakiwa wameishiwa. Akiba ya miezi mitatu kwa tangi la lita 300 haizidi trei tano au sita za aina hii. Itengenezwe siku chache kabla ya ziwa kufungwa, dagaa na kamba wakiwa bado wanapatikana, na friza ya chakula cha samaki isichanganywe na chakula cha nyumbani. Ukiwa na kidonda mkononi, vaa glavu kabla ya kutia mkono tangini. Kuna bakteria wa kwenye matangi wanaoingia kwenye ngozi iliyochanika na kuacha uvimbe usiopona kwa miezi.