Mzigo Usio na Mtu wa Kukutua: Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Uzito, Magoti na Milima

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini njia tambarare ni ya kutafuta. Ukitoka Ipogolo kwenda Iringa mjini kwa miguu unapanda, na jioni unateremka kilekile ulichopanda asubuhi. Rungwe ndiyo usiseme. Kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo wanaonifikia ni watu wa magoti, viuno, nyonga na shingo, na karibu kila mmoja ana habari ya mlima fulani na mzigo fulani. Haya ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa, mengine ni mafupi.

Swali: Shikamoo daktari. Zamani nilikuwa natembea haraka. Tangu ninenepe najikuta naenda polepole, miguu nimeitanua, watoto wanasema natembea kama bata. Ni uvivu?

Jibu: Marahaba mama. Si uvivu hata kidogo, na naomba uache kujilaumu kwa hilo. Mwili unapobeba kilo nyingi hubadilisha mwendo wenyewe bila kukuuliza. Hatua huwa fupi na pana zaidi, kasi hupungua, na ule muda mfupi ambao nyayo zote mbili ziko chini kwa pamoja huongezeka. Yote hayo ni kutafuta mizani. Mapaja yakigusana, mguu hauwezi kupita sawasawa mbele, unazungushwa kwa nje kidogo. Mwendo wa polepole nao hupunguza kishindo kwenye goti, kwa hiyo mwili wako unajilinda.

Ila kujilinda huko kuna gharama. Kuupeleka mwili huku na huku kwenye hatua pana kunakula nguvu, ndiyo maana unahema njia ambayo zamani uliimaliza ukipiga soga. Misuli ya miguu yako pengine ina nguvu kuliko ya mdogo wako mwembamba, maana inafanya mazoezi ya kukubeba kutwa nzima. Tatizo ni kwamba uzito umekua haraka kuliko misuli.

Na kuna tofauti moja kati ya mzigo huu na ndoo ya maji. Ndoo ina mtu wa kukutwisha na mtu wa kukutua. Uzito wa mwili hauna wa kukutua. Ukiamka saa nane usiku kwenda chooni, unao.

Kama unataka kujua umefika wapi, chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 atapata karibu 31. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni kawaida, 25 hadi chini ya 30 ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene wa kiwango cha ugonjwa. Wala hauko peke yako: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamevuka 25.

Swali: Nikipunguza kilo tano tu, goti litajua?

Jibu: Litajua siku hiyohiyo. Unapotembea, goti halibebi uzito wako peke yake. Misuli inayolizunguka inavuta ili usianguke, na mvuto huo unaongeza mgandamizo, kiasi kwamba kila hatua goti hupata kati ya mara mbili na mara tatu ya uzito wa mwili. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapima watu wazima wanene wenye magoti yaliyochakaa, wakakuta kila kilo moja waliyopunguza iliondoa karibu kilo nne kwenye goti kwa kila hatua.

Tupige hesabu. Kilo tano zako ni kilo 20 kwa hatua. Kilomita moja ni kama hatua 1,400, yaani 700 kwa kila mguu. Zidisha: kilo 14,000. Hizo ni tani 14, au magunia 140 ya viazi ya kilo mia mia, ambayo goti moja limepumzishwa ndani ya kilomita moja. Nikimwandikia mtu hesabu hii kwenye karatasi, mara nyingi anaikunja anaondoka nayo.

Swali: Nimeambiwa ute umekwisha kwenye goti ndiyo maana linalia. Nile bamia?

Jibu: Kula bamia, ni mboga nzuri. Lakini ute wa bamia unaishia tumboni, unasagwa kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda kwenye goti. Ute wa goti unatengenezwa na utando ulioko ndani ya goti lenyewe. Kinacholika mara nyingi kwa watu wa umri wetu ni gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa. Na goti kulia bila maumivu wala uvimbe si ugonjwa. Linanisikitisha hili swali kwa sababu nimewaona watu wakitumia fedha za mbolea kununua dawa za "kurudisha ute" barabarani, na goti likabaki vilevile.

Swali: Sisi wanawake wa kijijini tumebeba kichwani tangu utoto, ndizi, kuni, maji. Wengine wanasema ni vibaya, wengine wanasema wazungu wametusifia. Ukweli ni upi?

Jibu: Yote mawili yana ukweli, mama.

Anza na sifa. Mtu anapotembea, mwili unapanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha unashuka upande wa pili. Nguvu ya kule kushuka inatumika kupandisha hatua inayofuata. Hairudi yote. Kwa kawaida hurudi karibu theluthi mbili, na zinazobaki lazima misuli izitoe upya. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake Wajaluo na Wakikuyu waliozoea kubeba. Walipobeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wao, matumizi yao ya hewa ya oksijeni, yanayoonyesha nguvu wanayotumia, hayakupanda. Kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo ni kilo 12. Utafiti wa mwaka 1995 ukaeleza siri: wakiwa na mzigo, walikuwa wanaokoa sehemu kubwa zaidi ya ile nguvu ya kushuka. Yaani ule mwendo wenu wa shingo wima, mabega yametulia, maji hayamwagiki, ni ustadi wa kweli.

Sasa upande wa pili. Asilimia 20 ni ndoo ndogo ya lita kumi. Dumu la lita 20 kwa mwanamke huyohuyo ni theluthi ya mwili wake, na hapo huduma ya bure imekwisha, kila kilo inayoongezeka inalipiwa. Halafu watafiti waliokwenda Afrika Kusini baadaye walikuta wanawake wanatofautiana sana. Wengine wanabeba kwa wepesi, wengine wanachoka kama mtu yeyote. Na hewa unayovuta si kipimo cha shingo. Pingili za shingo zinabeba kichwa cha kilo nne au tano, ukiziwekea kilo 20 kila siku kwa miaka 30 zinachakaa. Malalamiko ya shingo na mgongo ni mengi kwa wateka maji, na mimi nayasikia kila wiki. Kwa hiyo kusifiwa kusigeuke ruhusa ya kuwatwisha zaidi. Mume mwenye baiskeli ndani, dumu liende kwenye baiskeli.

Kwa anayelazimika: funga ngata nene ya kitenge, pana, ikae utosini sawasawa. Tafuta wa kukutwisha na wa kukutua, kwa sababu wengi wanaumia pale, si njiani. Shingo ikiwa tayari inauma, au mikono inashikwa na ganzi, kichwani pasibebwe tena. Na mtoto wa miaka kumi mwenye kilo 30 asipewe dumu la lita 20. Mpe dumu dogo la lita tatu.

Swali: Kwa nini kupanda nahema tu, lakini kuteremka ndiko kunaniumiza magoti? Si ndiyo rahisi?

Jibu: Ni rahisi kwa moyo na mapafu, si kwa magoti. Ukipanda, misuli inasukuma. Ukiteremka, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ya breki: unarefuka huku umekaza, ili goti lisikunjike ukaanguka. Breki hiyo inabana gegedu nyuma ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, na msuli wenyewe unachanika kidogokidogo. Ndiyo sababu maumivu ya mapaja huja kesho yake au keshokutwa. Weka juu yake tita la kuni au kilo 20 za mwili zilizozidi, na kila hatua breki inalipa zaidi.

Teremka hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, kata mteremko kwa mshazari badala ya kushuka wima. Pumzika kabla mapaja hayajaanza kutetemeka. Yakitetemeka, breki zimeshapungua. Angalia na miguuni. Yeboyebo iliyolika soli kwenye utelezi ni hatari, lakini gambuti nalo lina bei yake, kwa kuwa uzito uliofungwa kwenye mguu unarushwa mbele kila hatua, hivyo kilo moja mguuni inachosha mara kadhaa kuliko kilo moja mgongoni. Nilimwona mama mmoja wa shamba la chai akisimama kila baada ya mita hamsini kubandua tope kwenye soli kwa kijiti. Kwa mtu anayepita haraka anaonekana anapoteza muda. Kumbe alikuwa anatua mzigo.

Swali: Mimi ni kuli sokoni Mbeya. Lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, ndiyo mkate wangu. Usiniambie niache.

Jibu: Sikuambii uache, kaka. Nakuambia ukweli wa namba. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanaume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Gunia la kilo 100 tayari ni karibu mara mbili ya hapo, na lumbesa lina kichwa juu yake. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita lumbesa kwa sababu mkulima anaibiwa. Kwangu mimi mgongo wako nao unaibiwa, na hakuna anayeupima.

Nimewatazama mnavyotembea: mmeinama kidogo mbele, magoti yamekunjwa, vihatua vya haraka. Mwendo huo ni sahihi, unauweka uzito juu ya nyayo. Kinachowavunja ni mwanzo na mwisho. Usiokote gunia kutoka chini peke yako. Lipokee likiwa usawa wa kiuno, kwenye ubao wa lori, au wawili wakuwekee. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, kiuno kifuate. Penye guta au mkokoteni, gawaneni hela na mwenye guta.

Swali: Mjamzito abebe?

Jibu: Vitu vyepesi tu. Tumbo linavuta mbele, kiuno kinapinda, na maungio yanalegea kwa ajili ya uzazi, ndiyo maana mwendo wake unatanuka. Tayari kabeba.

Swali: Na mabegi ya shule?

Jibu: Yasizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto, au kidogo zaidi ya hapo. Mikanda miwili, mabega yote mawili.

Swali: Nataka kuanza kutembea nipunguze uzito, lakini nikitembea magoti yanauma. Nifanyeje?

Jibu: Usianze na mlima. Zunguka uwanja wa mpira wa shule, dakika kumi, kasi ya kuweza kuongea. Maumivu kidogo yanayotulia kabla ya kulala si tatizo. Yanayofika asubuhi yanasema jana umezidisha. Ongeza dakika tano kila wiki hadi ufikishe dakika 150 kwa wiki. Nyumbani kaa kwenye kiti, nyanyuka bila kujishika, kaa tena polepole, mara kumi, asubuhi na jioni. Hiyo inajenga zile breki za mapaja.

Lakini miguu peke yake haitoshi kupunguza kilo. Anza kupunguza kwenye kikombe: ile chai ya vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku, na soda ya mchana. Punguza ugali kwa robo, jaza nafasi hiyo kwa majani ya maboga na maharage.

Usisubiri mazoezi, nenda hospitali, ikiwa goti limevimba, ni la moto na una homa, au mguu unakosa nguvu. Ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukakataa au ukatoka wenyewe, nenda siku hiyohiyo.

Swali: Bibi yetu anatumia fimbo lakini bado anachechemea vibaya. Fimbo inasaidia kweli?

Jibu: Inasaidia sana, ikishikwa mkono unaotakiwa. Bibi mmoja kutoka Isyonje aliletwa kwangu akiwa ameishika mkono wa kulia, na goti linalouma ni la kulia. Wengi hushika hivyo. Nikamwomba aihamishie mkono wa kushoto, aitangulize pamoja na mguu wa kulia. Fimbo ikiwa upande wa pili, mkono unapokea uzito ambao ungeliangukia goti bovu, na mwili hauyumbi. Ilikuwa ndefu pia. Kichwa cha fimbo kinatakiwa kifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama mkono umening'inia. Fundi akaikata vidole vitatu kwa msumeno.

Akazunguka chumba mara mbili kimya, akihesabu kwa midomo. Mlangoni kuna ngazi nne. Nilimwambia akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize fimbo na ule unaouma. Mjukuu akanyoosha mkono kumshika, bibi akamwambia, "Niache mwanangu, nione," akashuka zote nne.