LIBOR: jibu lililovutwa upande wa mjibuji

Kazi yangu ni kupima hatari za riba katika mikataba ya fedha. Kwa miaka mingi, karibu kila mkataba mkubwa uliopita mezani kwangu ulikuwa na herufi tano, LIBOR, riba ya marejeo, yaani kipimo cha kupangia riba za mikopo mingine, iliyotangazwa London kila siku ya kazi. Mikataba yenye thamani ya zaidi ya dola trilioni 300 ilisubiri tangazo hilo, kuanzia mikopo ya nyumba hadi ile ya serikali za miji.

Riba hiyo ilizaliwa na swali. Benki teule ziliulizwa: kama mngekopa kwa benki wenzenu kabla tu ya saa tano asubuhi, mngepata kwa riba gani? Majibu ya juu sana na ya chini sana yalitupwa, yaliyobaki yakapigwa wastani. Hakuna aliyelazimika kuonyesha mkopo halisi.

Hapo ndipo wafanyabiashara wa ndani ya benki walipoingilia. Waliwaomba wenzao waliotayarisha majibu wayapandishe au wayashushe kidogo, kulingana na faida waliyoitaka siku hiyo. Kidogo hicho kinadanganya macho. Moja ya mia ya asilimia moja, kwenye mikataba ya dola bilioni 10 kwa miezi mitatu, ni dola 250,000. Baadaye, katika msukosuko wa fedha wa 2007 hadi 2009, zikawapo benki zilizotaja riba ya chini ili zisionekane zimepoteza kuaminiwa sokoni. Barclays ilikuwa ya kwanza kutozwa faini, Juni 2012, takriban pauni milioni 290, na mkuu wake Bob Diamond akajiuzulu. UBS, benki ya Uswisi, ikafuata Desemba kwa dola bilioni 1.5.

Utetezi ninaousikia mara nyingi, hata kwa watu ninaowaheshimu, ni huu: hapakuwa na jibu moja sahihi. Riba za kweli siku hiyo zilikuwa nyingi, basi kuna ubaya gani kuchagua ile inayoifaa benki yako? Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini swali halikuuliza ni riba gani ingeifaa benki. Aliyekopa akiamini namba ile alidhani anapokea makadirio ya watu wenye ujuzi, kumbe faida ya mjibuji imekwisha kutiwa ndani, na yeye hana njia ya kuiona. Kuwa na uhuru wa kukadiria ni dhamana. Ukiutumia kujinufaisha kwa siri, umemhadaa anayekutegemea, hata kama kila jibu ulilotoa lingeweza kutetewa. Wala haisaidii kusema kwamba riba iliposhushwa wakopaji walipata nafuu. Aliyewakopesha naye alikuwa na haki yake.

Julai 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifuta hatia ya Tom Hayes, mfanyabiashara wa zamani wa UBS aliyehukumiwa mwaka 2015 kwa kula njama ya kuivuta LIBOR. Nadhani ilifanya sawa. Jaji wa kesi alikuwa ameliamua yeye mwenyewe, kama jambo la sheria, suala la ukweli lililopaswa kuachiwa jopo la raia waliosikiliza kesi. Haki ya mshtakiwa ni jambo zito. Ila hukumu hiyo haikuwasafisha waliokuwa wakiomba namba zivutwe.

LIBOR ya dola ilikoma kutolewa na benki Juni 2023, na mahali pake kuna SOFR, riba ya marejeo ya Marekani inayokokotolewa kutokana na mikopo iliyofanyika kweli. Naiunga mkono kwa moyo wote.

Kinachonichoma ni fidia. Baadhi ya wawekezaji na taasisi walizishtaki benki nchini Marekani wakalipwa. Uingereza, sehemu ya faini ilipelekwa kwenye misaada ya wanajeshi na familia zao, kazi njema kabisa. Lakini mkopaji wa kawaida hawezi hata kuthibitisha ni siku zipi riba yake ilipindwa, maana namba ambayo ingetangazwa kwa uaminifu haikuandikwa popote.