Je, wajua kwa nini kijana anaweza kuchaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya hoki, yaani zamu ya klabu za ligi kuchagua wachezaji chipukizi, kisha akakataa kwenda?

Mwaka 1989 klabu ya Sault Ste. Marie Greyhounds, ya ligi ya vijana ya hoki ya barafuni mkoani Ontario, Kanada, ilimchagua Eric Lindros kabla ya wachezaji wengine wote. Alikuwa na miaka 16, na nchi nzima ilikuwa ikimzungumzia. Kijana akasema haendi, na kweli hakwenda.

Aliwezaje? Drafti haimfungi mchezaji, inazifunga klabu. Moja ikishakuchagua, nyingine za ligi hiyo haziruhusiwi kukugusa, lakini wewe hujasaini chochote. Ukiamua kucheza kwingine, hakuna wa kukushtaki.

Sababu kubwa ilikuwa umbali. Sault Ste. Marie iko mpakani na Marekani, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka Toronto, na timu za vijana husafiri kwa basi. Familia ilikuwa imeonya mapema kwamba safari hizo zingemvurugia masomo. Klabu ikamchagua hivyo hivyo. Watu walimwita mwenye deko. Mimi naona hoja ya wazazi ilikuwa na uzito: wachezaji hawa ni wa umri wa sekondari, wanahamia mji wa ugenini, wanalala kwa familia zinazowapokea na kulipwa posho tu.

Lindros akaenda kucheza ligi ya chini Detroit. Desemba, Greyhounds wakakubali kumwachia Oshawa Generals, jirani na Toronto, wakapewa wachezaji, nafasi za drafti na fedha. Oshawa wakatwaa Kombe la Memorial, la ubingwa wa hoki ya vijana, mwaka 1990. Lakini fainali ya ligi ya 1991 ikawakutanisha Oshawa ya Lindros na Greyhounds, na walioshinda ni Greyhounds. Ndiyo maana klabu huthubutu kumchagua mtu aliyekwisha kusema hataki: haki ya kumsajili ina bei, na klabu nyingine italipa.

Mwaka huo huo wa 1991 Quebec Nordiques, ya ligi kuu ya NHL, ikamchagua naye akakataa tena. Alipofika Quebec mwaka 1992 akiwa na jezi ya Philadelphia, klabu ya NHL ambayo Nordiques waliiachia haki hiyo, mashabiki walivaa nepi na kumrushia chuchu bandia za watoto. Hata hivyo, kwa kumwachia, Nordiques walipata kundi la wachezaji akiwemo Peter Forsberg, pamoja na dola milioni 15. Klabu ikahamia Denver mwaka 1995, na mwaka uliofuata ikabeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL. Watu wa Quebec walilitazama kwenye televisheni.

Kwa miaka mingi silaha nyingine ya kijana asiyeitaka klabu iliyomchagua ilikuwa vyuo vya Marekani, maana aliyecheza ligi kuu za vijana za Kanada alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na vyuo havikumpokea. Tangu Agosti 2025 kizuizi hicho kimeondolewa. Klabu sasa inaweza kumwambia mzazi: mlete kwetu kwanza, chuo atakwenda baadaye.