Topudresi siyo kufukia nyasi

Kila masika ikikaribia hapa Arusha nasikia fundi bustani anamwambia mteja "bosi nitakufanyia topudresi", alafu kesho yake inamwagwa tipa ya udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, inatandazwa nene mpaka nyasi hazionekani kabisa, mteja anaambiwa avumilie tu zitatoka zenyewe. Njiro nimeona, Sakina nimeona, na kule Moshi Shanty Town ndio usiseme. Jamani, hapo nyasi zimefukiwa.

Topudresi ya nyasi ni kutandaza mchanga safi, kidogo sana, juu ya nyasi zilizo hai, alafu unausugua kwa fagio mpaka ushuke chini kwenye mashina. Uso unakaa sawa, maji yanapita vizuri, na lile tandiko la mashina makavu na vimizizi linalojijenga kati ya majani na udongo linachanganyika na mchanga badala ya kuwa sponji. Basi.

Sasa mkanganyiko unatoka wapi. Kwanza, mkulima wa mahindi naye ana topudresi yake, yaani mbolea ya kukuzia, urea au CAN, ile anayoweka mahindi yakishasimama. Mkulima hajakosea hata kidogo, hiyo ni matumizi halali kabisa ya shambani. Pili, watu wanasikia "dresi" wanafikiria gauni, kwaiyo wanaona kazi ni kuivalisha ardhi nguo ifunikwe yote, na hapa ndipo panaponiuma, kwasababu hilo neno la Kiingereza lilitoka Kifaransa cha zamani na huko mwanzo maana yake ilikuwa kunyoosha, kuweka kitu sawa. Mambo ya nguo yalikuja baadaye. Mtu wa gofu akisema topudresi anafanya kilekile cha zamani, ananyoosha uso wa grini, yaani lile eneo la nyasi fupi sana lenye shimo la mpira, ili mpira ubingirike bila kurukaruka.

Na kwenye gofu hii kazi ina historia. Anayetajwa sana ni Old Tom Morris, Mskoti aliyezaliwa 1821, alitunza uwanja wa Prestwick kisha akarudi kwao St Andrews miaka ya 1860. Inasimuliwa kwamba toroli la mchanga lilimmwagikia kwenye grini kwa bahati mbaya, baadae akaona pale palipomwagika nyasi zimechangamka kuliko kwingine. Iwe ilitokea hivyohivyo au imeongezwa chumvi, kinachojulikana ni kwamba alikuwa mtu wa mchanga kwelikweli, na watunza grini duniani kote wameendelea nao mpaka leo.

Ila angalia kiasi. Kwa nyasi za nyumbani milimita 3 zinatosha kwa mara moja, ukizidisha sana 6. Piga hesabu: eneo la mita 10 kwa 10 kwa milimita 3 ni lita 300 za mchanga, yaani toroli kama tano za kawaida. Toroli tano! Sasa tipa nzima inaenda wapi kwenye kauwanja ka mbele ya nyumba? Jani linahitaji mwanga, ukilizima wiki mbili tatu ukoka utapambana utatoka kwasababu ni mbishi, lakini nyasi ya Pemba, ile yenye majani mapana, utaikuta na mabaka ya njano, na kwenye ule udongo wa kuokota hovyo na samadi mbichi umeshaingiza ndago ambayo kuitoa ni kazi ya miaka.

Kingine mafundi wengi wanaiga gofu nusunusu. Grini ya kisasa mara nyingi imejengwa juu ya mchanga karibu sentimita 30, chini yake kokoto, kwaiyo pale mchanga unaongezwa juu ya mchanga mwenzake. Uwanja wa mteja wako huenda ni udongo mzito wa mfinyanzi, ukimwaga tabaka nene la kitu tofauti juu yake linakaa peke yake kama blanketi, maji yanagoma kushuka na mizizi inabaki hapohapo juu. Ndiyo maana watu wa gofu wanatoboa kwanza. Wao wana mashine inayong'oa vipande vya udongo, wewe kama huna tumia uma wa bustani, toboa kwa kina, alafu mchanga uingie kwenye matundu. Uwe mchanga wa mto uliochekechwa, sio vumbi, na fanya mvua zikishaanza nyasi zinakua kwa nguvu, sio Julai kwenye baridi zimelala.

Kwaiyo ndugu zangu mafundi, hata neno lenyewe mnaweza kuendelea nalo, ila kwenye kotesheni andikeni wazi: "topudresi ya mchanga" au "mbolea ya kukuzia", na kama kazi ni kujaza shimo andikeni kujaza shimo, mteja ajue analipia nini. Na ukishamaliza kupiga fagio ukaona majani yamepotea chini ya mchanga, chukua toroli uondoe uliozidi siku hiyohiyo kabla hujamwagilia.